Mashuka Yaliyorudi

Vijana wangu, nisameheni kama maneno haya yataruka ruka. Mimi mwenyewe naruka ruka. Tangu nistaafu sijui kukaa. Jirani yangu hapa Voi ananiambia, "Saru, keti unywe chai, kazi imekwisha," nami naketi, na kabla chai haijapoa nimeshainuka kwenda kushika pazia lake na kumwuliza alilinunua wapi, na kama lilifuliwa kabla ya kushonwa. Ananivumilia tu. Amezoea.

Nilikuwa afisa wa ununuzi katika hospitali moja ya serikali huku kwetu Taita Taveta. Jina lake nitaliacha, kwa sababu makosa nitakayosimulia ni yangu, si ya jengo. Niliingia nikiwa msichana wa kupiga chapa, nikatoka nikiwa mkuu wa kitengo, na miwani miwili na mgongo mmoja mbovu.

Watu wakisikia "ununuzi" wanafikiria wizi. Sikatai, nimeuona. Lakini leo nataka mfikirie jambo lingine. Hospitali ikinunua mashuka mia nne, kuna watu mahali fulani wamepata kazi ya kushona mashuka mia nne. Ni nani hao? Ukinunua kwa mfanyabiashara anayeyaleta kwa lori kutoka mbali, umepata mashuka. Ukinunua kwa mafundi wa hapa, umepata mashuka yale yale, na kuna mtoto amekaa darasani muhula mzima bila kurudishwa nyumbani. Pesa ni ile ile ya mlipa kodi. Inapitia tu mlango mwingine.

Nyinyi mlioingia kwenye ofisi hizi juzi juzi, na nyinyi mnaoziuzia, ndio nawaandikia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mwanyika, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kufunga tai hata Februari, mwezi ambao Voi hata mbuzi hugombania kivuli. Siku yangu ya kwanza stoo alinipa blanketi mbili, akaniambia nifumbe macho nizishike.

"Ipi itakaa miaka mitano?"

"Hii."

"Hiyo itatoboka kabla ya Krismasi. Rudia."

Nilirudia wiki nzima. Alinifundisha kuchomoa uzi, kuuwasha kwa kiberiti na kunusa moshi. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua. Nailoni hunuka kama beseni lililosahauliwa karibu na jiko. Hayo hayamo kwenye kompyuta zenu, kwa hivyo nunueni kiberiti.

Lakini Mzee Mwanyika naye alikuwa na lake. Alinunua kutoka kwa wafanyabiashara watatu wa mjini, wale wale, mwaka nenda mwaka rudi. Sikuwahi kuona wakimpa kitu. "Hawa nawajua," ndiyo ilikuwa sababu yake. Siku moja nikamwuliza hao wengine watajulikanaje, kama hatununui kwao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hilo utalijibu wewe," akasema. "Mimi nimebakiza miezi sita."

Basi akaondoka, na baadaye ikaja ile sheria ya kutenga asilimia thelathini ya tenda kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nilifurahi peke yangu ofisini kama mtu aliyeletewa barua ya posa. Nikadhani nimejibiwa. Unatenga tenda, wanakuja, unanunua, basi.

Loo.

Tenda yetu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya pojo za jikoni, au ndengu, kama wanavyoita wenzetu wa bara. Ilishindwa na kampuni ya vijana, hapana, nisahihishe: ilichukuliwa na kampuni ya vijana, maana walishinda wao. Cheti safi, mhuri safi, kila karatasi safi. Pojo zikaja nzuri. Mwezi wa pili, nikiwa mjini kwa shughuli zangu, nikaona niwatembelee. Anwani ilinifikisha nyuma ya hoteli moja, kwenye chumba chenye benchi na kalenda ya mwaka uliopita. Msichana alikuwa ameketi anapaka kucha rangi.

"Mkurugenzi yuko?"

"Ndiye mimi, madam."

"Hongera. Pojo zenu mnazitoa wapi, Mbololo au Taveta?"

Akanitazama kwa huruma. "Madam, pojo ndiyo nini?"

Nikamweleza. Ndogo, kijani, zinapikwa na nazi.

"Ah, hizo!" akasema. "Hizo anazijua mjomba."

Mjomba alikuwa mmoja wa wale watatu wa Mzee Mwanyika.

Nilicheka mpaka nikafika barabarani, halafu kicheko kikakatika. Sheria ilikuwa imetimizwa kwa kila mhuri, na hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa amepanda, wala kupepeta, wala kubeba gunia. Hapo nikajiwekea kanuni ambayo haikuandikwa popote: hakuna tenda ya vikundi nitakayoiandika bila kwanza kwenda kuona mikono inayofanya kazi hiyo ilivyo, inaweza nini, inakwama wapi.

Ndivyo nilivyofika Mraru.

Mnaijua Mraru, kwenye barabara ya Taveta. Kando ya kanisa palikuwa na chumba cha mabati chenye cherehani saba na watu kumi na mmoja. Kiongozi wao alikuwa Mama Mwende, Mkamba aliyezaliwa huku huku, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Palikuwa na Kituri, fundi aliyepooza mguu kwa polio akiwa mdogo. Alitembea kwa mikongojo, na cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mkono huo ulikuwa na kasi kuliko miguu ya wenzake kumi. Na palikuwa na Wakesho, mama kijana wa mtoto mmoja, kwao Mbololo. Yeye hakushona sana. Yeye alikata.

Nilisimama nikamtazama akikata. Hakuamini futi ya kamba, alisema ikizeeka inarefuka. Alikuwa na fimbo aliyoipima mwenyewe na kuichora alama kwa kisu. Alipima, akatia chaki, akapima tena, akainama mpaka jicho likakaribia kugusa meza. Ndipo mkasi ukaenda, krrr, mstari kama wa rula.

"Umewahi kukosea?" nikamwuliza.

"Nikikosea, madam, hawa wote wanashona kosa langu."

Nilirudi ofisini nikiwa nimewashwa moto. Nikatoa faili la zamani la tenda ya mashuka. Lilikuwa nene kama daftari la sensa. Lilimtaka muuzaji awe na lori, awe na ghala, awe na miaka kadhaa ya kuziuzia hospitali, alete kila kitu kwa siku moja: mashuka, mapazia, blanketi na taulo. Kikundi cha Mraru kingekufa kwenye ukurasa wa pili.

Nikachukua kalamu nyekundu. Mashuka nikayatoa peke yake. Uletaji nikaugawa mara tatu, ili anayeshona apate kupumua. Na hapa mnisikilize vizuri, maana watu wamefungwa kwa jambo hili: sheria inakataza kugawa tenda ili ukwepe utaratibu. Inaruhusu kuigawa ili mdogo apate kuingia. Tofauti iko kwenye kuandika sababu yako na kuitangaza mbele ya kila mtu. Nikaiandika, nikaitangaza. Nikakata masharti ya lori, nikakata ya ghala, nikakata lugha ya mawakili. Kurasa zote zile nikazifanya nne. Nilijiona mjanja sana.

Vikundi vitano vikaomba. Mraru wakashinda kwa haki, na sampuli yao ilikuwa nzuri kuliko zote. Wakatoa akiba yao, wakanunua majora ya kitambaa, wakashona. Awamu ya kwanza ikaja siku iliyoandikwa. Kamati ya ukaguzi ikahesabu, ikapima urefu, ikapima upana, ikavuta pindo. Hakuna hata moja lililopungua nusu inchi. Nilikula mandazi mawili kwa furaha, mimi niliyekatazwa mafuta.

Siku ya tatu akaja Mghanga, mzee wetu wa kufua nguo za hospitali.

"Mama, yale mashuka yamerudi."

"Yamerudi wapi? Nani ameyarudisha?"

"Hayajarudishwa na mtu. Yamerudi yenyewe. Ndani ya maji."

Akalishika moja mbele ya kifua chake kama mtu anayejaribu aproni. Nilikimbia wodini. Kitandani palikuwa na mchungaji wa ng'ombe kutoka upande wa Ndara, mtu mrefu kama nguzo ya simu, shuka limemfunika kuanzia shingoni na kuishia kwenye magoti. La chini nalo halikufika mwisho wa godoro.

"Madam," akaniambia kwa adabu kabisa, "hili lilikuwa la mtoto gani? Asije akakosa."

Wauguzi walicheka. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa siku nyingi.

Mkutano uliitwa siku hiyo hiyo. Mmoja wa wajumbe, ambaye hakuwahi kupenda tenda za vikundi, aliweka shuka mezani kama ushahidi wa mauaji. "Ndiyo haya tuliyosema," akaanza. "Watu wa kushona yunifomu za chekechea tukawapa hospitali." Msimamizi wa hospitali alikuwa mtu mtulivu. Alinigeukia mimi.

"Saru, wamevunja sharti gani?"

Faili la zamani na jipya yote yalikuwa mbele yangu. Nikafungua la zamani. Ukurasa wa kumi na kitu, katikati ya masharti ya lori na ya ghala, palikuwa na mstari mmoja mfupi: kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Na juu ya mstari huo, wino mwekundu. Wangu. Nilikuwa nimeufagia pamoja na takataka.

Wale watu hawakuvunja sharti lolote. Walitengeneza nilichoandika, bila kupunguza hata nusu inchi.

Nililiona hilo pale pale. Nataka mlijue vizuri. Sikulijua kesho yake wala wiki iliyofuata. Nililijua kabla msimamizi hajaondoa macho usoni pangu.

Nikafunga faili. "Nitaliangalia vizuri, bwana," nikasema.

Jioni hiyo mashuka yakapakiwa, yakarudishwa Mraru na barua ya mistari mitatu. Mafupi, hayafai.

Kwa nini nilinyamaza? Nilijiambia kwamba nikikiri, yule mjumbe atapata fimbo ya kupigia tenda zote za vikundi, na mpango mzima utakufa. Ilikuwa sababu nzuri, yenye nguo safi. Chini yake palikuwa na nyingine: nilikuwa natarajia kupandishwa cheo, na sikutaka jina langu liandikwe pabaya. Basi kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Nikawa nazunguka ofisini. Napanga kalamu. Naenda stoo kuhesabu ndoo ambazo nilizihesabu jana. Mghanga akaniuliza kama nina homa. Siku moja nikawasha gari niende Mraru, nikafika njia panda, nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikarudi.

Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja Kituri akaingia ofisini. Alikuwa amekuja kwa bodaboda, mikongojo amefungiwa mgongoni kwa mpira. Chini ya kwapa alikuwa na shuka moja na zile kurasa nne zangu, zimekunjwa vizuri. Hakuketi nilipompa kiti.

"Madam, sikuja kugombana. Nimesoma hizi karatasi, na mwalimu wa shule amenisomea tena, nisije nikawa sikuelewa. Naomba unionyeshe mstari."

"Mstari gani?"

"Ule tuliouvunja."

Nikazichukua karatasi. Nikazigeuza, kama mtu anayetafuta. Nilikuwa najua zote nne kwa kichwa. Yeye akasubiri, ameegemea mikongojo yake, jasho likimshuka.

"Hakuna, Kituri," nikasema. "Mstari haupo. Niliufuta mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti sasa, akaketi taratibu, akaweka shuka juu ya meza yangu.

"Basi andika," akasema. "Nitangoja."

Niliandika akiwa ameketi pale. Barua kwa msimamizi, nakala kwa kamati, nakala kwa kikundi. Niliandika nilichokifuta, lini nilikigundua, na kwamba kosa si la mafundi. Kituri alisoma nakala yake mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni wa shati, akaomba maji ya kunywa.

Msimamizi aliisoma barua mara mbili mbele yangu.

"Ungeniambia siku ile, ningekasirika tu," akasema. "Sasa itanibidi nikuandikie."

Akaniandikia. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili langu, na cheo kile kikaenda kwa mwingine. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alisema walicholeta kinalingana na kilichoandikwa, kwa hivyo hospitali itakipokea. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alipoona jinsi mashuka yalivyorudi kwa kufuliwa, alisema hajawahi kupata yanayotoshea vile vitanda vifupi namna hiyo, akayachukua yote. Kwa awamu mbili zilizobaki tukaandika marekebisho: kitambaa kifuliwe kwanza, na gharama ya kufua na ya kile kitakachopungua iwe juu ya hospitali, si juu ya kikundi. Yule mjumbe alipinga. Akashindwa kwa kura moja.

Sasa kufua. Mnacheka? Mraru, mwezi wa kiangazi, ndovu wamevunja bomba, na una majora ya kitambaa yanayotaka maji. Karatasi yangu mpya nayo ilikuwa nzuri sana na haikufikiria maji. Ndiyo nikajifunza jambo lingine: kila sharti unaloandika ofisini, mtu atalibeba kichwani mahali fulani. Mama Mwende alipata gari la mtu wa kanisani, wakapanda na majora hadi Mbololo, kwenye kijito ambacho hakikauki.

Nikaenda kukagua. Safari hiyo sikuishia njia panda. Nilipofika juu, vitambaa vilikuwa vimeanikwa kwenye miamba, kwenye ua wa watu, kwenye migomba, vyeupe mpaka unafumba macho. Wanawake wamekunja nguo, wako majini wanakanyaga. Kituri alikuwa ameketi juu ya jiwe na ile fimbo ya alama za kisu, anapima kitambaa kabla hakijaloa na baada ya kukauka, anaandika kwenye daftari. Nikafurahi. Halafu nikaona kwamba fimbo iko mkononi mwa Kituri.

"Wakesho yuko wapi?" nikauliza.

Mama Mwende aliendelea kukanyaga.

"Alienda Mombasa. Amepata kazi kwenye nyumba ya watu. Mtoto amemwacha hapo juu, kwa mama yake."

"Lini?"

"Siku mbili kabla Kituri hajaja kwako."

Nikauliza kwa nini. Ile sauti ya kuitia ng'ombe ikawa ndogo. Alisema mashuka yaliporudishwa, barua haikueleza sababu, ilisema tu mafupi. Nani anakata? Wakesho anakata. Watu walikuwa wametoa akiba yao, wana hasira. Wakamwambia alikata kwa pupa ili abaki na vipande. Akaleta fimbo, akapima mbele yao yale ambayo hospitali haikuyatumia, akapima tena na tena, na kila akipima inatoka sawa, na wao wanazidi kusema fimbo ndiyo mbovu.

"Mimi ndiye niliyesema hilo la vipande," akasema Mama Mwende. "Mbele ya wote. Nilimwambia ametutia aibu."

Kituri alikuwa ameionyesha ile nakala ya barua kwa kikundi. Kuhusu kosa walikuwa wanajua. Lakini kulisoma kwenye karatasi si sawa na kulisikia kwa mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwambia Wakesho. Waliona haya. Nikavua viatu, nikasimama nao kwenye maji, nikawaeleza tangu mwanzo, kwamba nililijua siku ya kwanza nikanyamaza. Mwanamke mmoja akatoka majini akaenda kukaa peke yake. Mama Mwende hakunitazama. Alitoa simu kwenye kifua, akaipangusa, akampigia Wakesho hapo hapo.

Nilimsikia upande mmoja. Akimwomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kidawida, lugha ya Wataita, chake cha kuokoteza, halafu tena kwa Kiswahili. Akimwambia arudi, fimbo yake ipo. Halafu akasikiliza. "Sawa," akasema. "Sawa, mwanangu." Akaninyooshea simu.

Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha faili nililoshika, kama kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi.

Hakurudi. Alisema ameshawazoea wale watu, na mshahara unakuja kila mwezi.

Mkitaka kujua kikundi kiliishia wapi, hakikuishia. Awamu mbili zilizobaki zilipita. Mghanga aliyafua na kuyapima mbele ya kamati nzima, na yule mchungaji wa Ndara angekuwepo angefunikwa hadi vidole. Wameshona kwa shule, wameshona kwa vyuo. Tenda nyingine wamekosa, nao wakishindwa huuliza kwa maandishi wameshindwa wapi, na ni haki yao kujibiwa. Mifumo ya tenda ilipohamia mtandaoni ilikuwa taabu mpya. Siku moja niliwatembelea nikakuta neno lao la siri limeandikwa kwa makaa ukutani, herufi kubwa, karibu na picha ya ubatizo.

"Mama Mwende, hili ni la siri!"

"Ndiyo tukaliandika, madam. Lisipotee."

Nyinyi wenye kompyuta, kaeni na watu kama hawa siku nzima, si dakika tano. Mfumo unaomfungia nje fundi mzuri kwa sababu hajui kubonyeza umefanya kazi ile ile ya masharti ya lori. Na mkiandika maelezo ya kitu, kishikeni kwanza kitu chenyewe. Kifueni, kikunjeni, kikalieni. Kalamu nyekundu iwe ya mwisho kutoka kwenye droo. Mkikosea, na mtakosea… hapa ndipo ninaposimama tena na kuzunguka chumba, maana nilitaka kuwapa maneno mazuri ya kumalizia, na siwezi kuwapa ambayo sikuyatenda.

Nitawaambia nilichotenda. Baada ya kustaafu, nilikwenda Mraru nikaomba namba ya Wakesho. Mama Mwende aliniandikia kwenye kiganja cha mkono kwa sababu hakukuwa na karatasi karibu. Nilitembea nayo hivyo mpaka nyumbani, mkono umefumbuliwa ili jasho lisiifute. Nikapiga asubuhi, nikiwa nimesimama dirishani.

"Ni nani?"

Nikamwambia. Saru, wa hospitali, wa mashuka. Nyuma yake nilisikia vyombo vikioshwa na redio ya watu.

"Nakukumbuka, mama."

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimeyapanga, lakini yalitoka bila mpangilio. Mstari. Wino. Mkutano. Siku kumi na moja. Kituri kwenye kiti. Nikasema nilipaswa kupokea simu siku ile kule Mbololo na sikuipokea. Hakunikatiza hata mara moja, mpaka nikadhani laini imekatika.

"Wakesho?"

"Niko hapa." Vyombo vikaacha kugongana. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua siku ile ile."

"Mimi nilikaa pale nyumbani siku tisa," akasema. "Nilikuwa nachukua kipande, nakipima. Nakipima. Mpaka nikaanza kuamini ni mimi. Nilipanda gari la Mombasa nikiamini ni mimi."

Nilisema jina lake tu.

"Nashukuru umepiga, mama," akasema. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, nami niliitafuta. "Sasa niko kazini. Wananiita."

Akakata.

Sijapiga tena. Namba ninayo, niliinakili kabla sijanawa mikono.